Kope za Mkwe Wangu Luhaga

Luhaga aliyemuoa binti yangu Teodora ni mtu wa maneno. Mafundi wengine ukiwakuta wanagonga bati, wanagonga bati tu. Luhaga anagonga huku anaongea, na akikosa wa kuongea naye anaongea na bati lenyewe. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo hapa Mwanza mpaka kiwanda kilipouzwa na watu wakapunguzwa kazi. Wenzake wengi walikaa nyumbani wakingoja kuitwa tena. Yeye hakungoja. Alikwenda Igoma, akajenga kibanda kando ya barabara ya Musoma, akawa anakata mapipa ya zamani na kutengeneza majiko ya mkaa na makarai. Majiko yake yanadumu. Hilo nalisema ingawa sikumpenda.

Sikumpenda kwa sababu hakuwa na adabu ya ukwe. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso. Mkikutana njiani anasogea pembeni, anainamisha macho, anasalimu kwa sauti ya chini, anapita. Hali chakula mbele yako, wala hamshikani mikono. Luhaga siku ya kwanza alinitazama machoni, meno yote nje, akasema, "Shikamoo Mayu, mama yangu, kumbe uzuri wa Teodora umetoka kwako." Wazee walicheka. Mimi sikucheka, na marahaba ya siku ile sijaitoa mpaka leo.

Mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi Teodora alijifungua mtoto wa tatu, nikatoka Magu kuja kumhudumia. Nilipewa kitanda kwa jirani yao, Gladness, maana mimi silali chini ya paa la mkwe. Asubuhi nilivuka ua, nikapika, nikafua nepi, jioni nikarudi kwa Gladness.

Safari hii nilimkuta Luhaga mtu mwingine kabisa. Alinisalimu kwa sauti ya chini, nusu ya maneno yanatokea puani. Macho ameyainamisha, kope zimeshuka zimefunika karibu jicho zima. Nilipompelekea ugali na sangara, yeye na kaka yake Maige aliyekuja kutembea kutoka kijijini, alimega matonge mawili akaisukuma sahani upande wa Maige. Maige alikula akamaliza. Nikamwambia Gladness kwamba mkwe wangu hatimaye amekua. Gladness akasema ni kule kuugua kwa mwaka jana, mtu akipasuliwa tumbo akarudi mzima lazima ajifunze unyenyekevu. Hata mafundi wenzake pale kibandani walisema mzee kweli anamheshimu mama mkwe, tangu huyu mama aje hapigi domo tena. Teodora peke yake alisema labda amechoka, lakini hata yeye alifurahi kuona tumepatana.

Siku iliyofuata nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, kidevu juu, ananitazama kwa chini ya kope kama bwana shamba anayekagua pamba mbovu. Nikakasirika. Nikamwuliza Teodora ile adabu ya jana imekwenda wapi. Luhaga akaweka kiganja kwenye jicho moja, akasema kwa ile sauti ya puani, "Mayu, mbona mko wawili?" Nikadhani amerudia mizaha yake. Teodora akampa maji. Aliyaingiza mdomoni, na maji yakarudi yakatokea puani, yakamwagika kifuani. Alitaka kucheka, nadhani, maana tumbo lilitikisika. Lakini uso haukucheka. Uso ulikuwa umelala peke yake.

Hapo ndipo tulipojua kwamba kope zile hazikuinamishwa na mtu. Zilianguka zenyewe, na kidevu alikiinua ili apate upenyo wa kuona. Sisemi nilikosea. Kope za mkwe zikishuka mbele ya mama mkwe, kila mwenye akili zake ataona adabu.

Zahanati walisema malaria. Mwaka ule kila kitu kilikuwa malaria. Walimchoma sindano tukarudi naye, na alfajiri mikono ikawa haimudu kushika kikombe, na shingo haibebi kichwa. Ikabidi twende hospitali kubwa. Teodora alikuwa na kichanga, na mgonjwa bila mtu wa kumuuguza pale hospitali hawezi kukaa, kwa hiyo tulikwenda mimi na Maige. Kwenye teksi nilikaa mbele. Wodini nilikaa chini kwenye kanga yangu, nimempa mgonjwa mgongo, uso ukutani, kama inavyotakiwa. Yaliyofanyika kitandani niliyasikia kwa masikio.

Daktari alikuwa mwanamke, Prudencia, Mhaya wa Muleba, mwembamba na mwenye haraka. Alinipa shikamoo yangu, kisha akauliza mbona nimempa mgongo.

"Sijakupa wewe," nikamwambia. "Nimempa mkwe wangu."

"Sisi Muleba wakwe tunawatazama, bibi."

"Ndiyo maana wanawakimbia."

Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. Nilimsikia akimwambia Luhaga afumbue macho, na akamwambia nesi kwamba hayafumbuki. Akamulika tochi. Akasema mboni ni pana na zinachelewa kuukimbia mwanga, na ulimi ni mkavu kama kitambaa cha juzi. Akamwuliza ana watoto wangapi, nesi akasema ameinua vidole vitatu. Akamgusa kwa pini toka uso mpaka nyayo, na kila mahali Luhaga alijibu kwa kidole kwamba anasikia. Homa hakuwa nayo. Udhaifu, daktari alisema, umeanza juu unashuka: macho, koo, shingo, sasa mikono. Miguu bado.

Kisha akaja kwenye chakula. Amekula nini, nani kapika, kuna nyama ya kopo, kuna samaki aliyekaa sana, kuna kitu kilichofukiwa au kufungiwa.

"Chakula nimepika mimi," nikasema. "Na katika maisha yangu sijawahi kumpikia mtu kitu kilichooza."

"Sijasema kimeoza, bibi. Nauliza."

Lakini Maige alikuwa amesimama pale, na neno lile alilichukua. Maige si mtu mbaya. Ni mfugaji, mpole kwa ng'ombe wake kuliko kwa watu, na mdogo wake huyu ndiye aliyebaki katika tumbo la mama yao. Akasema, "Hata daktari anauliza nani kapika."

Daktari akamgeukia. Akamwuliza nani alikula sahani moja na mgonjwa. Maige akasema ni yeye. Akaulizwa kama anaona kitu kimoja viwili, kama koo linameza. Koo lilikuwa linameza vizuri tu. Teodora amekula, watoto wamekula, mimi nimekula. Daktari akasema hapo ndipo anapokwama, maana dalili zote ni za sumu ile ya chakula kibaya inayofunga mishipa ya fahamu isiamrishe misuli, lakini sumu hiyo ikiwa ndani ya sufuria haimchagui mtu mmoja.

"Inayochagua mtu mmoja tunaijua," Maige akasema.

Hakunitaja. Hakuwa na haja. Mwaka ule kwetu vikongwe walikuwa wanaitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na yangu ni mekundu. Ni moshi wa mavi ya ng'ombe, nimepikia tangu nikiwa binti. Na watu wote wa ukoo wao walijua kwamba mkwe huyu nilimkataa. Nilielewa vizuri nilipokaa. Luhaga akifa bila ugonjwa wake kupata jina, jina litakalotumika ni langu.

Daktari hakuacha kutafuta. Aliangalia miguu kama kuna alama ya meno ya nyoka, hakuna. Akamchoma sindano, akatueleza kwamba kuna ugonjwa wa misuli kuchoka ambao dawa hii huinua kope muda mfupi tu baada ya kuchomwa. Tukangoja. Nesi akasema kope ziko palepale. Akavuta damu na maji ya uti wa mgongo, akavipeleka kupimwa, likarudi jibu kwamba ni safi. Kila alichokitoa kwenye orodha ya magonjwa, Maige alikiweka kwenye yake. Mwisho Maige akasema akili ni nzima, homa hakuna, damu safi, maji safi, basi huu si ugonjwa wa hospitali. Kuna mganga Misungwi. Anakwenda kutafuta pikapu.

Daktari alimwambia mgonjwa akilazwa chali kwenye gari, kwa koo lile, atazama kwenye mate yake mwenyewe kabla ya kufika Misungwi. Maige akasema hapa je, mmemfanyia nini? Akatoka.

Nikasikia hatua za daktari zinakuja, na kumbe akapita akachuchumaa kati yangu na ukuta, akanikabili uso kwa uso.

"Bibi, ana kovu refu tumboni. La nini?"

"Mimi sijui tumbo la mkwe wangu."

"Yeye hawezi kuongea. Mke wake yuko Igoma. Kaka yake anasema alisikia tu kwamba aliugua. Nani mwingine nimwulize?"

"Tuma mtu Igoma."

"Pumzi zake zinakuwa fupi, bibi. Mtu wa kwenda na kurudi Igoma atakuta nimeshafunika shuka."

Mama mkwe hataji tumbo la mkwe wake. Hata kulijua ni aibu. Nilikuwa nalijua kwa sababu Teodora ana mdomo kama mume wake. Nilimwambia daktari asogee, akasogea, na nikauambia ukuta. Niliuambia kwamba mwaka jana utumbo wa mtu fulani ulijisokota, wakampasua, wakakata kipande kilichokufa, wakaunga. Kwamba kidonda kiliharibika akachomwa sindano nyingi. Na kwamba tangu hapo, tumbo likinguruma tu, anakimbilia vidonge vya rangi mbili. Maduka ya dawa siku zile yalikuwa yamefunguliwa kila kona baada ya biashara kuachiwa huru, na hakuna aliyekuuliza cheti. Mtu huyo alikuwa anavitafuna kama karanga, na Teodora alinilalamikia kwamba hata siku niliyofika alikuwa navyo mfukoni.

Nikasikia daktari anarudi karibu.

"Rudia hapo pa vidonge," daktari akasema.

Nikarudia. Akaniuliza choo amepata lini. Nikamwambia sasa unanivua nguo. Akasema nijibu. Nikauambia ukuta kwamba Teodora alisema hajapata tangu kabla ya kope kushuka.

Hapo akanieleza, na alinieleza vizuri, kwa hiyo nami nakueleza. Kuna kijidudu kinachoishi kwenye udongo, kila mahali, kwenye vumbi la Igoma na la Ulaya. Tunakimeza wote na hakitufanyi kitu, kwa sababu tumboni mna vijidudu vingine vinavyokaa mahali pake na kukibana kisiote. Mtoto mchanga hana walinzi hao bado, ndiyo maana akilambishwa asali yenye kijidudu hicho anaweza kulegea vivyo hivyo. Mtu mzima huwa hapatwi. Lakini mtu aliyekatwa utumbo, chakula kikawa kinatuama, halafu akaua walinzi wake wote kwa vidonge, huyo amekifagilia kijidudu kiwanja. Kinaota mle ndani, na kinatoa sumu mle ndani, taratibu. Hakuna sufuria. Hakuna mpishi.

"Nimesoma juu yake," akasema, "sijawahi kumwona mgonjwa wake. Nahitaji choo."

Choo hakikuwa tayari kutoka. Ilibidi aingizwe maji kwa nyuma kwa mpira, maji safi yaliyochemshwa, bila sabuni, kwa sababu sabuni ingeharibu kipimo. Na mtu mwenye shingo ile lazima alazwe ubavu, ashikwe kichwa na mabega, asije akapaliwa. Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima na mikono yake ilikuwa kwenye mpira. Daktari akaniambia, "Mshike."

"Nitafutie mwanamume."

"Wanaume wote waliomo humu wamelazwa, bibi."

Nilikaa. Nataka ijulikane kwamba nilikaa, sikurukaruka kama mtu asiye na kwao. Kisha nikasikia pumzi ya Luhaga. Ilikuwa fupi, kama ya mbuzi mwenye joto, na baada ya kila moja palikuwa na nafasi. Nikanyanyuka nikageuka.

Nilimkuta anajaribu kugeuza uso pembeni nisimwone. Shingo haikutii. Yule yule ambaye hakuwahi kuniogopa alikuwa anakisukuma kiganja changu kwa kidole kimoja, ndicho alichobaki nacho. Nikaweka kanga kati ya mkono wangu na ngozi yake.

"Luhaga," nikamwambia, "leo mimi siyo mama mkwe wako. Mimi ni mwanamke wa jirani, nimekukuta njiani umeanguka. Tulia."

Akatulia. Nilishika kichwa chake kwenye bega langu, na nesi na daktari wakafanya kazi. Kilichopatikana kilikuwa kidogo kama kokwa ya ukwaju. Daktari alikiangalia kama mtu aliyeokota almasi kule Mwadui. Kikaingia kwenye kichupa, kichupa kwenye barafu, pamoja na damu kidogo. Hapa nchini kipimo hicho hakikuwepo, akasema, lakini mwalimu wake wa zamani yuko Ulaya anakifanya, na siku zile ndege zilikuwa zinaondoka uwanja wa Mwanza zimejaa minofu ya sangara. Alikuwa anamfahamu rubani. Kwa hiyo uchafu wa mkwe wangu ulipanda ndege, na mimi mpaka leo sijapanda.

Maige alirudi na pikapu na wanaume wawili wa kijijini kwao. Alinikuta nimekaa kitandani, kichwa cha mdogo wake begani kwangu, na alisimama mlangoni kama aliyekuta ng'ombe wake zizini kwa mtu mwingine. Akasema niondoe mikono. Daktari akamweleza yote aliyonieleza mimi. Maige alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kipimo kimeonyesha?"

"Kipimo kimeondoka. Dalili zimenionyesha mimi. Dawa nimeshaiomba, ije na ndege itakayorudi."

"Kwa hiyo hujui."

"Najua. Sijathibitisha."

"Mimi sijui hayo maneno mawili yanatofautiana wapi," Maige akasema, na wale wanaume wakasogea kushika shuka.

Sikuwazuia kwa nguvu, nguvu sina. Nikasema, "Maige, mwenyewe yumo humu ndani. Masikio yanasikia, akili inafanya kazi, daktari ameonyesha. Unambeba kama gunia bila kumwuliza? Mwulize. Akisema Misungwi, mimi nitakushikia mlango wa gari."

Daktari akainua kope za Luhaga kwa vidole gumba vyake. Macho yalikuwa mazima, yanaelewa. Akamwambia, dole gumba la mguu likicheza, anabaki. Lisipocheza, anakwenda. Maige akainama, akamwuliza kwa Kisukuma, polepole, kama walivyokuwa wakiongea wakichunga. Nami nilitazama ule mguu. Sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimemkataa mtu huyu mbele ya ukoo, na sasa alikuwa anaamua niishi vipi miaka yangu iliyobaki.

Dole likacheza. Likatulia, likacheza tena.

Maige alifungua mdomo kusema kitu, na pumzi ya Luhaga ikakatika. Kifua kiliinuka nusu kikaishia hapo. Daktari aliniondoa kwa kiwiko, akapenyeza mpira kooni, akaunganisha mfuko wa kubonyeza kwa mkono, akaangalia ni nani mwenye mikono imara pale, akamkabidhi Maige. "Bonyeza, achia. Usikimbize. Ukiacha, amekufa." Na Maige alibonyeza. Alipokuwa akibonyeza, dereva wa pikapu alipiga honi, akapiga tena, halafu wale wanaume wakatoka wakaondoka na dereva wao. Maige alibonyeza kwa mwendo wa mtu anayekamua, jasho linamtoka, hataki kupokewa, mpaka mashine ya chumba cha upasuaji ilipopatikana.

Dawa ilikuja na ndege ya samaki, chupa ndogo ndani ya barafu. Daktari alituonya kwamba haifungui mishipa iliyokwisha kufungwa, inazuia tu sumu mpya isiendelee kufunga. Iliyofungwa itaota upya yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Miguu haikuwahi kulala sana, ikawa ya kwanza kuamka, kisha mikono, kisha pumzi, na kope zikawa za mwisho. Mpira ulipotolewa kooni, neno lake la kwanza lilikuwa kuniambia kwamba bega langu lina mfupa kama nanga. Nilitoka nje nikamwacha na kaka yake.

Jibu la kipimo daktari alilipata kwa simu. Akatuita mimi, Maige na Teodora, na Gladness akajipachika. Akasema kule Ulaya waliyachuja maji ya kile kichupa wakawachoma panya. Panya waliochomwa maji yale peke yake walilegea, mbavu zikaingia ndani, wakafa. Panya waliokingwa kwanza kwa dawa ya kuzuia sumu ile ile hawakupatwa na kitu. Na kijidudu chenyewe walikiotesha wakakiona. Kwa hiyo sumu ilikuwa inatengenezwa tumboni mwa Luhaga, na vidonge vya rangi mbili asivishike tena bila daktari.

Maige akauliza kama kuna njia nyingine sumu hiyo ingeweza kuwafikia wale panya, mtu akitaka.

"Maige," nikamwambia, "panya wa Ulaya hawajawahi kula ugali wangu."

Akainamisha macho, akanipa shikamoo. Niliiitikia.